Stenti yenye utando kwenye aneurismu ya ubongo: matawi ya ateri yatapona?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58. Amekutwa na aneurismu (kifuko kilichovimba kwenye ukuta wa ateri) ya milimita 7 kwenye ateri ya karotidi ya ndani upande wa kushoto, jirani na tawi linalopeleka damu jichoni. Haijapasuka. Daktari wa kwanza anataka kuweka stenti iliyofunikwa utando ili kuifungia nje papo hapo. Wa pili anapendekeza stenti ya wavu inayogeuza mkondo wa damu. Ninachohofia ni kimoja: huo utando si utaziba na matawi mengine? Mama hatapofuka, au kupata kiharusi?

Jibu: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Hofu yako ina msingi. Utando huziba kila mdomo unaofunikwa nao, uwe wa aneurismu au wa tawi zima lenye kazi yake, maana stenti haichagui. Matawi huokolewa mapema, kwa vipimo vya milimita vinavyofanywa kwenye picha kabla stenti haijatolewa hata kwenye pakiti yake. Kwa aneurismu iliyo jirani na ateri ya jicho, vipo vipimo vichache ambavyo ndivyo vitakavyoonyesha nani kati ya madaktari wenu ana hoja yenye nguvu zaidi.

Kwanza niseme jambo ambalo hukuuliza. Aneurismu isiyopasuka si lazima itibiwe. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba kwa aneurismu za mzunguko wa mbele wa ubongo zenye milimita 7 hadi 12, uwezekano wa kupasuka ndani ya miaka mitano ulikuwa kama asilimia 2.6. Ya mama iko mwanzoni kabisa mwa kundi hilo. Kinachoongeza uzito ni umbo lenye vinundu, kuonekana kukua kati ya picha moja na nyingine, sigara, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, na ndugu wa damu waliowahi kupasukiwa. Waulizeni madaktari wote wawili wanakadiriaje hatari ya kuiacha ikifuatiliwa kwa picha, kisha waiweke kando ya hatari ya kila tiba. Nikichukulia kwamba wameshaamua itibiwe, tuendelee.

Stenti yenye utando ni kimirija cha chuma, mara nyingi mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, kilichovishwa karatasi nyembamba sana ya plastiki isiyopitisha damu. Hufika ikiwa imebanwa juu ya puto. Puto likijazwa, kimirija hutanuka na kugandamana na ukuta wa ateri. Inafanya kazi kama kiraka kilichopachikwa kwa ndani kwenye bomba: damu hupita katikati, na kifuko cha aneurismu hukatiwa njia. Kifuko kikikosa damu inayozunguka, iliyomo huganda, na baada ya muda kifuko husinyaa. Stenti inayofahamika zaidi miongoni mwa zilizobuniwa mahsusi kwa mishipa ya ubongo ni Willis, ya kampuni ya MicroPort ya Shanghai, yenye vipenyo vya milimita 3.5 hadi 4.5 na urefu wa milimita 7 hadi 16. Nyingine zinazotumika ni za mishipa ya moyo zilizoazimwa, kama GraftMaster na PK Papyrus. Ulizeni ni ipi itakayotumika na kama imeidhinishwa kwa kazi ya ubongo. Stenti ya moyo iliyoazimwa si kosa, hasa kwa dharura, lakini familia inapaswa kujua kabla ya kutia sahihi.

Sasa matawi. Ateri ya karotidi ya ndani ikishaingia fuvuni hujikunja mara kadhaa, kisha hutoa matawi makuu kwa mpangilio: ateri ya jicho, halafu kama sentimita moja mbele yake ateri ya kuunganisha ya nyuma, halafu milimita 2 hadi 5 mbele zaidi, ateri ya koroidi ya mbele. Kisha yenyewe hugawanyika kuwa ateri mbili. Thamani ya matawi hayo matatu hailingani hata kidogo.

Ateri ya koroidi ya mbele haifunikwi. Ina upana wa kama milimita moja tu, lakini hulisha njia ya neva inayoendesha nusu nzima ya mwili. Ikizibwa, mgonjwa anaweza kuamka akiwa amepooza mkono na mguu wa upande wa pili, amepoteza hisi upande huo huo, na haoni nusu ya uwanja wa macho. Hakuna kipimo cha kumhakikishia daktari kwamba itapata damu kwingine. Ndiyo maana aneurismu zilizoota kwenye mdomo wa ateri ya kuunganisha ya nyuma kwa kawaida hazifai kwa stenti ya utando: ncha ya mbele ya stenti itaangukia koroidi.

Ateri ya kuunganisha ya nyuma hutegemea mtu kwa mtu. Kuna watu ambao ateri ya nyuma ya ubongo hupata damu yake kutoka kwenye ateri ya basila, iliyo nyuma chini ya ubongo, na kwao tawi hili ni daraja tu la akiba. Kuna wengine ambao daraja hilo ndilo barabara yenyewe: kipande kinachotoka basila kwenda kwenye ateri hiyo ni chembamba mno au hakipo, na sehemu ya nyuma ya ubongo inaishi kwa damu ya karotidi. Kuwatambua si kazi ngumu. Dawa ya kung'arisha mishipa huingizwa kupitia ateri ya vertebrali, inayopanda nyuma ya shingo na kulisha basila, huku karotidi ikibanwa shingoni, kisha daktari anaangalia kama damu inatoka nyuma na kuvuka kwenda mbele. Ikivuka vizuri, tawi linaweza kufunikwa mdomo bila madhara makubwa. Isipovuka, halifunikwi.

Ateri ya jicho, inayomhusu mama, ndiyo yenye bahati kuliko zote tatu. Watu wengi wana njia mbadala: matawi ya karotidi ya nje yanayopita usoni, puani na kwenye utando wa ubongo huungana na ateri ya jicho kwa mbele yake, hivyo mdomo ukizibwa kwa nyuma, damu huingia kinyumenyume. Lakini kusema watu wengi si kusema mama yako. Retina, yaani tabaka la kuonea lililo nyuma ya jicho, hulishwa na kitawi kimoja kisicho na mwenza, na ikikosa damu kwa muda, haponi tena kuona kwa jicho hilo. Kwa hiyo jambo hili hupimwa, halikisiwi. Daktari hupeleka puto laini hadi kwenye mdomo wa ateri ya jicho, analijaza kwa muda mfupi, kisha anaingiza dawa ya picha kupitia karotidi ya nje. Akiona kivuli chembamba chenye umbo la mwezi mwandamo nyuma ya jicho, maana yake tabaka la mishipa ya jicho linapata damu kwa njia mbadala. Mgonjwa akiwa macho wakati wa kipimo ni bora zaidi, kwa kuwa anaweza kuulizwa anaona vidole vingapi kwa jicho hilo. Kipimo kikishindwa, stenti ya utando haifuniki mdomo huo, na mjadala umeisha.

Lipo jambo moja ambalo familia haliambiwi mara nyingi, na hata kwenye vikao vya madaktari husahaulika. Swali la ateri ya jicho si la upofu tu. Je, tawi linatoka kwenye ukuta wa ateri kando ya aneurismu, au linatoka kwenye kifuko chenyewe? Likitoka kandoni na lina njia mbadala, kulifunika hakuna neno. Likitoka ndani ya kifuko, ile njia mbadala tuliyoifurahia inageuka kuwa adui: damu inarudi kutoka usoni, inaingia kwenye tawi kinyumenyume na kumwagika ndani ya kifuko kilichodhaniwa kimefungwa. Stenti imekaa sawasawa, picha iliyopigwa kupitia karotidi ya ndani ni safi kabisa, na aneurismu bado inalishwa. Njia pekee ya kuligundua ni kupiga picha pia kupitia karotidi ya nje, na kwa ateri ya kuunganisha ya nyuma, kupitia vertebrali. Picha ya mwisho ikipigwa kupitia mshipa mmoja tu, kazi haijakaguliwa.

Hesabu ya milimita inakwenda hivi. Tuseme shingo ya aneurismu, yaani mdomo wa kifuko, ina upana wa milimita 4. Stenti inahitaji ukuta mzima wa kushikia pande zote mbili, milimita 2 hadi 3 kila upande, la sivyo damu itapenya pembeni. Milimita 3 nyuma, 4 za shingo, 3 mbele: stenti ya 10. Kama ateri ya kuunganisha ya nyuma iko milimita 5 mbele ya shingo, inabaki nafasi ya milimita 2. Puto linapojazwa stenti inaweza kuteleza hata milimita moja kwa msukumo wa mapigo ya moyo, na bado tawi likabaki salama. Kama liko milimita 3 mbele, hakuna akiba yoyote. Hapo kishawishi ni kuchukua stenti ya 7, ambayo itabakiza milimita 1.5 tu za kushikia kila upande. Mimi nisingeshauri hivyo: tawi linaweza kupona, lakini aneurismu nayo ikabaki wazi, na mgonjwa akawa amebeba hatari za stenti bila kupata faida yake.

Vipimo hivi vichukuliwe kwenye angiografia ya mzunguko, yaani picha za mishipa zinazopigwa kwa dawa huku mashine ikizunguka kichwa, zenye pande tatu, si kwenye CT ya kawaida peke yake. Na kona izingatiwe. Pale ateri inapojikunja, upande wa nje wa kona ni mrefu kuliko wa ndani. Stenti ngumu hukaa kama fimbo, utando wake hukunjamana upande wa ndani na kuacha mwanya upande wa nje. Aneurismu nyingi za eneo la mama hukaa palepale panapojikunja. Aneurismu iliyo kwenye kipande kilichonyooka ndiyo inayofaa zaidi.

Ugumu huo huo ndio kikwazo kikubwa siku ya kazi. Mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, mrija huingizwa kupitia ateri ya paja hadi shingoni, katheta laini zaidi hupitishwa ndani yake mpaka karibu kabisa na aneurismu, kisha waya mwembamba wa inchi 0.014, kama milimita 0.36, hutangulizwa hadi kwenye ateri ya kati ya ubongo ili stenti ipande juu yake. Mgonjwa hupewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na muda wa damu kuganda hupimwa palepale. Wengi hulenga sekunde 250 hadi 300. Stenti ikikataa kupita kwenye kona, kuisukuma kwa nguvu huiumiza karotidi: ateri hubana, ukuta wake hupasuka kwa ndani, au ncha ya waya hutoboa kitawi mbali huko mbele ambako hakuna anayeangalia. Daktari mwenye busara hurudi nyuma, akasogeza katheta ya kati mbele zaidi, akajaribu tena. Ikishindikana, anabadilisha mpango. Ulizeni mapema mpango wa pili ni upi.

Stenti ikishafika mahali pake, puto hujazwa polepole, kwa kawaida kwa shinikizo la angahewa 5 au 6, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Ateri za ndani ya fuvu zina ukuta mwembamba kuliko za moyo na hazina lile tabaka la nje la nyuzi za kunyumbuka, kwa hiyo kulitanua puto kupita kiasi kunaweza kuzipasua. Likitanuliwa chini ya kiasi, damu hupenya kati ya utando na ukuta. Puto hupunguzwa, picha hupigwa, na waya haung'olewi hadi picha zote zimeridhisha. Uvujaji ukionekana, puto hujazwa tena kwa shinikizo la juu kidogo. Ukiendelea, stenti ya pili huwekwa kwa kupishana na ya kwanza, lakini kila milimita inayoongezwa inasogelea tawi jingine. Uvujaji mdogo sana huachwa ufuatiliwe, nao wakati mwingine hujifunga. Jambo la kukumbuka ni kwamba utando ukishakaa, hakuna katheta itakayopita kuingia ndani ya kifuko. Kama kuna wazo lolote la kuongeza koili (nyuzi laini za chuma za kujaza kifuko), katheta yake ndogo lazima iwe imetangulia ndani ya kifuko kabla puto halijajazwa.

Daktari wa pili anapendekeza stenti ya wavu, kama Pipeline, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Imefumwa kwa nyuzi 48 nyembamba na chuma chake hufunika kama theluthi moja tu ya ukuta. Kwingine ni matundu. Matundu hayo ndiyo yanayookoa matawi, na sababu yake ni shinikizo. Tawi lina pa kupelekea damu: mbele yake kuna tishu inayokunywa, shinikizo ni la chini, kwa hiyo damu inavutwa kupitia matundu muda wote. Kifuko cha aneurismu hakina mlango wa pili. Damu iliyomo haina inakokwenda, wavu unaipunguzia kasi, inatulia na kuganda, na seli za ukuta wa ateri huota juu ya wavu na kufunga shingo. Katika jaribio lililoitwa PUFS, lililofanywa kwa aneurismu kubwa na ngumu za karotidi, asilimia 73.6 zilikuwa zimefungwa kabisa baada ya siku 180, na idadi hiyo ikapanda hadi 95.2 kwa waliofuatiliwa miaka mitano. Lakini asilimia 5.6 ya wagonjwa walipata kiharusi kikubwa au kufariki kwa sababu za mishipa ya fahamu katika siku hizo 180. Aneurismu zile zilikuwa kubwa kuliko ya mama, basi msizichukue namba hizo kama zake.

Sheria hiyo ya shinikizo inaeleza pia jambo linaloshangaza familia miezi sita baadaye: picha inaonyesha ateri ya jicho imejifunga nyuma ya wavu, na mgonjwa anaona vizuri kabisa. Njia mbadala ilikuwa na nguvu, tofauti ya shinikizo ikapungua, damu ikaacha kupita kwenye matundu, yakafunga. Tawi lisilo na njia mbadala huendelea kuvuta, na kwa kuvuta huko hujiweka wazi.

Wapo wahandisi waliojaribu kuunganisha mambo haya mawili. Wengine wametengeneza stenti yenye kiraka upande mmoja tu, kifunike shingo na kuacha ukuta wa pili wazi. Kundi la Buffalo huko Marekani limechapisha kazi ya aina hiyo. Wengine wametoboa utando vijitundu ili matawi yavute damu kama kwenye wavu. Wazo la kiraka linavutia, ila lina tatizo kubwa: lazima stenti izungushwe hadi kiraka kitazame shingo. Ukizungusha waya kwenye paja, mzunguko hupotea njiani kwenye kona za karotidi na haufiki ulivyokusudiwa. Kwenye aorta hutengenezwa stenti zenye madirisha kwa vipimo vya mgonjwa mmoja mmoja, lakini aorta ina upana unaozidi sentimita mbili. Kwenye ateri ya milimita 4 yenye tawi la milimita moja, msiahidiwe hilo kama tiba ya kawaida.

Kwa aneurismu isiyopasuka, ya milimita 7, kwenye eneo la ateri ya jicho, mimi ningeanza kwa kufikiria wavu, au koili kama shingo ni nyembamba. Utando ningeuweka kwa kesi ambazo zinahitaji kufungwa leo hii: ukuta uliochanika na kuvimba baada ya ajali au upasuaji, karotidi iliyotobokea kwenye vena zinazoizunguka, aneurismu za malengelenge za ukuta wa mbele zisizo na shingo ya kushika, mradi matawi yako mbali. Mama hana haraka hiyo. Hata hivyo, kama ateri yake imenyooka hapo, ateri ya jicho haitoki kwenye kifuko, kipimo cha puto kimefaulu, na ateri ya kuunganisha ya nyuma iko mbali vya kutosha, daktari wa kwanza hajakosea. Mwombeni awaonyeshe kwenye skrini milimita hizo, tawi kwa tawi. Atakayezisoma bila kusita ndiye aliyepima.

Kwa stenti yoyote kati ya hizo, dawa ni nusu ya tiba. Kwa kawaida huanzwa aspirini, mara nyingi miligramu 100, pamoja na klopidogreli miligramu 75, zote za kuzuia damu isigande kwenye stenti, kila siku kwa siku tano au zaidi kabla ya kazi, kisha zote mbili huendelea kwa miezi 3 hadi 6 au zaidi, na aspirini peke yake baada ya hapo kwa muda mrefu. Baadhi ya watu miili yao haiwezi kuigeuza klopidogreli kuwa dawa yenye nguvu. Kipimo cha damu cha chembe sahani huwabaini, na hupewa nyingine kama tikagrelo. Kama mama anatumia omeprazoli kwa ajili ya tumbo, semeni mapema, kwani hupunguza nguvu ya klopidogreli. Pantoprazoli huiathiri kwa kiasi kidogo kuliko omeprazoli. Picha za ufuatiliaji kwa kawaida hupangwa karibu na mwezi wa 6 na wa 12, kuangalia kama aneurismu imefungwa, kama matawi yako wazi, na kama ndani ya stenti hakujaota nyama ya kuibana. Kichwa kikiuma ghafla kupita kawaida, uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama au jicho la kushoto likiingia giza hata kwa dakika chache, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na mtu yeyote akimwambia aache dawa hizo, hata kama ni daktari wa meno anayetaka kung'oa jino moja, aongee kwanza na daktari aliyeweka stenti.